Mama Aliapa kwa Siri

Mtaa wa Columbia,
Fall River, Massachusetts.
Jumapili, 9 Machi 2025.

Mpendwa Mama Mkubwa Zulmira,

Naomba baraka zako kwanza, ndipo nizungumze. Mama yuko hapa karibu, mwiko anao, na hapendi barua inayoanza bila kuomba baraka za wakubwa.

U hali gani? Goti linasemaje tangu ulipoteleza kwenye ngazi za kanisa? Na huyo binamu yangu Gualter, kifua kimempoa, au bado anavuta sigara kwenye zizi la ng'ombe akidhani mama yake hana pua? Mwambie tumesikia mpaka huku.

Sisi hatujambo. Theluji imeisha, imebaki ile chafu ya pembeni mwa barabara. Mdogo wako Leonilde, mama yangu, ana miaka themanini na minne, presha inapanda na kushuka, macho yanataka kumwangusha, ila ulimi ni mzima kabisa. Sasa hivi amekaa mbele yangu anamenya viazi na kujifanya haisikilizi kalamu yangu. Barua hii ni yake kwa haki. Ameianza mara nne na mara nne ameichana, mwishoni akanisukumia karatasi akasema mimi ndiye niliyeleta balaa, basi niandike mimi.

Kwanza nitubu dhambi yangu. Mwaka jana nilikuandikia kwamba hatutafika kwa sikukuu ya Roho Mtakatifu kwa sababu mgongo wangu umekataa. Mgongo wangu haukukataa kitu. Iliyokataa ni ofisi ya pasipoti.

Wajua mimi sikupanda ndege tena tangu ile iliyotuleta huku kutoka kisiwani kwenu Ureno mwaka 1970, nikiwa na miaka mitano na viatu vipya vinavyonibana. Safari yangu ya mbali ilikuwa ya fungate, mume wangu Norberto aliponipeleka Kanada kwa gari, na siku zile mpakani ilitosha kuonyesha leseni ya udereva na kutabasamu. Nikafika miaka hamsini na minane bila pasipoti. Ulipoandika kwamba unataka kutuona kabla hujafa, nikasema haya, nitafumba macho nipande, nikaenda kujaza fomu.

Palipoulizwa nimepataje uraia nikaandika kwamba ni kupitia baba. Marehemu baba aliapa mwaka 1978. Nilikuwa na miaka kumi na tatu. Alitupeleka kula aiskrimu akatangaza kwamba tangu leo yeye na mimi ni Wamarekani, mdogo wangu Eduíno amezaliwa hapa hapa Fall River kwa hiyo alishatutangulia, mama ni Mreno, na kila mtu ale aiskrimu yake kwa amani. Tangu siku hiyo hakuna aliyeniuliza, nami sikujiuliza. Nimepika miaka thelathini na mmoja katika jiko la shule ya mji. Nimelipa kodi. Nimeitwa mahakamani kukaa na raia wenzangu kumi na mmoja tukaamua kesi ya mwizi wa pikipiki. Uraia kwangu ulikuwa kama figo: sijawahi kuiona, lakini najua ninayo.

Baada ya wiki saba ikaja bahasha nyembamba. Cheti cha baba wamekiona, walisema, ni kizuri. Ila kwa sheria ya miaka ile mzazi mmoja hakutosha. Mtoto aliyezaliwa nje, wazazi wake wakiwa hai na pamoja, alikuwa raia papo hapo iwapo wote wawili, baba na mama, wameshaapa kabla yeye hajatimiza miaka kumi na minane. Mimi nilitimiza tarehe 11 Juni 1983. Tafadhali leta cheti cha mama.

Mama Mkubwa, nilicheka hadi Norberto akatoka bafuni na povu la kunyolea. Cheti cha mama! Mama anayekaa kitini shuleni kwa wajukuu zake wakati ukumbi mzima umesimama na mikono kifuani kuiapia bendera, yeye anatafuta kitu ndani ya mkoba mpaka waishe! Mama aliyemwita baba "Yanki" miaka thelathini, hata akimpa chumvi mezani! Wewe mwenyewe kila Krismasi unamwuliza kwenye kadi, "Leonilde, bado wa kwetu?" na yeye anakujibu, "Hadi kaburini." Wewe ulikuwepo jikoni siku ile tulipoondoka, babu alipomshika mkono mama na kumwapisha kwamba hataapa kwa nchi nyingine maadamu yu hai. Hapa kwetu kiapo hicho tumelelewa nacho kama maziwa.

Kicheko kiliisha kwa mwanasheria. Ni mama mmoja mtulivu, Bi. Thibault, ofisi yake iko juu ya duka la maua. Aliisoma barua mara mbili, kisha akaniuliza kwa upole kama nimewahi kupiga kura. Nikajibu kwa fahari kwamba sijakosa hata moja tangu 1984, hata ile ya bodi ya maktaba ambayo tulikwenda watu tisa. Akaweka kalamu chini.

Akanieleza pole pole, kama mtu anayemvua mtoto bandeji. Ikiwa mama hajaapa, mimi si raia na sijawahi kuwa. Na asiye raia akipiga kura ametenda kosa, hata kama hakujua, na kujitetea ni kazi. Wapo waliorudishwa walikotoka kwa makosa madogo kuliko hayo. Akaniambia nisisafiri, nisisaini chochote, na nikatafute karatasi.

Nilitoka pale nikanunua ua moja dukani chini, sijui kwa nini. Wiki hiyo nikaanza kugawa vyungu vyangu vya maua kwa majirani, nikidai vimenichosha. Gari la posta likisimama mlangoni nilijibanza kwenye kabati la mafagio, mimi na umri huu na unene huu. Nilijiwazia nimeshushwa kisiwani kwenu na sanduku moja, mwanamke wa miaka hamsini na minane asiyejua hata kukamua ng'ombe.

Eduíno alikuja na vifaa vyake vya bomba kuzibua sinki la mama. Nikamweleza jikoni pale pale. Unajua mdomo wake. "Dada, usiwe na wasi. Wakikurudisha, nitakutumia soseji kila mwezi. Za huku ni tamu kuliko za kule." Nikamtupia ndala. Alipoona ninalia kweli aliiokota, akapiga magoti akanivisha mguuni.

Mama alikuwapo, anapanga vijiko. Hakusema neno. Hakusema kesho yake, wala kesho kutwa. Mama kunyamaza siku tatu ni jambo la kumwita daktari, na Norberto alimwita. Daktari akapima, akasema haoni ugonjwa, mama akamwangalia tu.

Jumamosi ile, kabla ya Jumapili ya Matawi, alikuwa akikanda unga wa mkate mtamu wa Pasaka. Mikono imezama hadi viwiko. Nafikiri aliichagua saa hiyo makusudi, ili asiweze kukumbatiwa wala kukimbia.

"Deolinda, acha kugawa maua. Mimi ni Mmarekani."

Nilidhani akili imemruka. Nikamsogezea kiti. Akakataa kukaa.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu tarehe ishirini na tatu Mei, themanini na tatu. Niongezee unga, usisimame kama nguzo."

Nilihesabu kwa vidole palepale, mbele ya beseni. Ishirini na tatu Mei hadi kumi na moja Juni. Siku kumi na tisa, Mama Mkubwa. Mdogo wako huyu alinifanya raia kwa tofauti ya siku kumi na tisa, na hakuniambia miaka arobaini.

Sasa nikueleze ilivyokuwa, maana ameniruhusu, na pale nitakapokosea atapiga meza kwa kisu cha viazi.

Chanzo ni jogoo. Unakumbuka mama alifuga kuku uani, na jogoo mmoja mwekundu aliyewika kama ana deni na jua? Diwani mmoja wa mji, jina lake silitaji, alileta sheria ya kupiga marufuku kuku katika nyua. Mama, aliyekuwa akishona kola za mashati kiwandani na Kiingereza chake chote ni cha kola, alikwenda kwenye mkutano wa mji akasimama kuwatetea kuku wake. Diwani akamsikiliza akitabasamu, kisha akamwambia, "Mama, kwa heshima zote, wewe hupigi kura hapa." Ukumbi ukacheka. Mama akaketi. Kuku waliliwa wote kabla ya Krismasi, na jogoo alipikwa mwisho.

Hakumwambia baba. Alimwendea mwenzake wa cherehani ya jirani, mwanamke wa Kiayalandi aitwaye Noreen, naye akawa anamfundisha maswali ya mtihani wa uraia huku wakishona, swali moja kwa kila kola. Nyumbani mama akayarudia kwa mnong'ono akimenya viazi kama anavyomenya sasa. Baba akasikia. Alisikia majina: Jeferson, Madison, na Jeferson tena. Hamu ya chakula ikamwisha. Jumatatu moja akaomba ruhusa kazini akaenda kusimama langoni pa kiwanda cha mama, na Jumanne pia, akamwuliza mlinzi yupi kati ya hawa wanaume ni Jeferson. Mlinzi akamwambia alishakufa. Baba alirudi nyumbani amempenda mama upya, akamletea hata soksi. Alikufa bila kujua alikuwa anamwonea wivu rais.

Siku ya kiapo mama alituaga kwamba anaenda kung'olewa jino. Hilo jino nalikumbuka! Alirudi na shavu limetuna, akala supu siku mbili. Kumbe alijaza pamba mdomoni. Nilimwuliza kwa nini siku mbili. Akasema jino la nyuma huchukua siku mbili, asingefanya jambo nusunusu.

Na Novemba ile akampigia diwani kura ya kumkataa. Diwani alianguka kwa kura kumi na moja, na mama anadai zote kumi na moja ni zake.

Baada ya hapo hakuweza kuacha. Kila uchaguzi, Jumanne ya Novemba, alivaa koti zuri akasema anakwenda sala ya wajane katika parokia nyingine. Baba yu hai, yuko mezani na uji wake, akauliza, "Wajane? Mimi nimekufa lini?" Mama akamjibu kwamba ni vizuri mtu kujiandaa mapema. Mama Mkubwa, tulikuwa tunapiga kura shule moja mimi na yeye. Miaka arobaini tumekwepana kwa saa. Yeye alikwenda alfajiri, mimi nilikwenda nikitoka kazini, na nilikuwa narudi nyumbani nikimhubiria kwamba asiyepiga kura asilalamike.

Nikamwuliza cheti kiko wapi. Akaelekeza kidevu ukutani, kwenye picha ya babu, ile kubwa ambayo amevaa suti ya kuazima. Nikamwita Eduíno, akaipandia ngazi, akaishusha, akalegeza misumari ya nyuma. Kilikuwemo, kimekunjwa mara moja tu, mama wa miaka arobaini na miwili anatutazama kwenye picha ndogo na nywele alizosokota kwa ajili ya daktari wa meno.

Eduíno akacheka hadi akaketi kwenye ngazi, akasema huko kuficha kwa babu ndiko kufuru yenyewe. Mama akafuta mikono kwa aproni.

"Nilimficha kila mtu. Yeye sikumficha. Nilitaka ajue."

Hapo Eduíno akaacha kucheka.

Kumbe kila Kwaresima alikuwa akiungama. Padri wa kwanza alimwambia kuwa raia wa nchi unayoishi si dhambi, aende zake. Mama akahama padri. Wa pili naye akasema hivyo hivyo. Wa tatu alikuwa mzee na sikio zito, sijui alisikia nini, akampa rozari kumi kila mwaka, na huyo ndiye mama alimheshimu.

Bi. Thibault alipokiona cheti alifungua dirisha akavuta pumzi. Tukapeleka maombi ya hati yangu mwenyewe, pamoja na kadi yangu ya ukaazi ya utotoni ambayo picha yake ninalia kwa ajili ya viatu, ripoti za shule kila mwaka kuonyesha niliishi na wazazi wangu, na cheti cha ndoa yao kutoka kijijini kwenu. Tukangoja miezi kumi. Januari hii wakatuita ofisini Providence.

Afisa alikuwa Bwana Sovann Keo, mtu wa Kambodia kwa asili, mpole, tai imepinda. Aliniuliza mimi, mama akajibu. Aliniuliza nilifika nchini na nani, mama akasema na yeye, na nilitapika kwenye ndege mara tatu. Aliniuliza kama niliishi na wazazi wote wawili, mama akasema nani mwingine angenivumilia. Bwana Keo akamwomba kwa adabu amwachie binti aongee. Mama akanyamaza kama dakika moja.

Akapekua karatasi zote hadi ya mwisho, akagonga mhuri. Akasema kinachobaki ni kiapo, nisimame ninyanyue mkono wa kulia. Nikasimama. Kiti kikalia pembeni yangu, nikageuka, mama naye amesimama, fimbo imeegemezwa mezani, mkono juu.

Bwana Keo akamwambia, "Mama, wewe uliapa zamani. Huna haja."

"Najua," mama akasema. "Ile niliapa na pamba bado iko mkobani. Hii nataka mwanangu anisikie."

Akaturuhusu. Tuliapa pamoja, yeye akiwa mbele yangu neno moja kila mara, kama kwenye rozari. Bwana Keo alivua miwani akaifuta, akasema ni vumbi. Hati yangu imeandikwa kwamba nimekuwa raia tangu tarehe 23 Mei 1983. Nimeitazama tarehe hiyo mara nyingi. Siku hiyo nilimkemea mama kwa kutopika chakula cha jioni.

Ningeweza kuishia hapo, na mama angependa niishie hapo. Amepiga meza. Lakini lipo moja bado.

Pasipoti yangu ilipokuja, tulikwenda ubalozi mdogo wa Ureno kule New Bedford. Mama alitaka kuomba viza. Ya kuingia kwenu. Alikuwa ameamini miaka yote kwamba aliponyanyua mkono ule Ureno ilimfuta, na kwamba sasa ni mgeni. Binti wa dirishani akaandika jina lake, akatafuta, akatabasamu, akamwambia kwamba sheria ilibadilika mwaka 1981. Aliyeapa kwingine baada ya hapo hakupoteza chochote, ila kama mwenyewe alisema hautaki tena uraia wake. Jina lake liko pale pale lilipokuwa siku zote. Alichokosa ni kitambulisho kipya tu.

Mama akamwomba arudie. Akarudia. Akamwomba aseme mwaka. Akasema.

Tukarudi garini. Mama Mkubwa, babu alipofariki mwaka 1991 mama alikuandikia kwamba presha haimruhusu kupanda ndege, nawe ulimjibu maneno makali, na najua hukumwandikia tena miaka miwili. Mwaka ule hakuwa na presha. Aliogopa kufika kwenye mazishi ya baba yake na pasipoti ya bluu ya Marekani, na wewe umesimama mlangoni pa uwanja wa ndege unaiona.

"Basi ningekwenda," alisema. Alisema hivyo tu, akitazama nje. Norberto aliendesha hadi nyumbani bila kuwasha redio.

Siku ya tatu alipata nafuu, akataka kwenda kumtafuta yule padri wa sikio zito amrudishie rozari zake. Nikamwambia alishafariki. Akasema basi atamngoja huko huko.

Tumekata tiketi. Ndege ya Boston, tarehe 3 Juni, mama, Norberto na mimi, na vidonge vyangu vya hofu. Mama ana pasipoti ya bluu na kitambulisho cha Kireno, vyote ndani ya mkoba mmoja. Anasema atatoa kipi itategemea uso wako. Nimemweleza kwamba pale pa kukaguliwa wewe hutakuwepo, utakuwa nje. Anasema uso wako anaujua hata kupitia ukuta.

Hakulaliki kwangu, tangu tukate tiketi, kuna swali analoniuliza kwa njia za kuzunguka: kama kitanda cha chumba cha nyuma bado kipo, kama bado unatia mdalasini kwenye wali wa maziwa, kama wewe ni mtu wa kusahau. Nimemjibu kwamba la kitanda sijui. Tafadhali utuandikie upesi, na yote matatu uyajibu.

Nisalimie Gualter na mkewe Hortênsia, na jirani yako mwenye mbwa. Eduíno anakusalimu na kuomba radhi kwa maneno ya soseji. Norberto anakubusu mkono. Roho Mtakatifu akukalie juu ya paa, akulindie goti na pumzi, akukute mlangoni siku hiyo ukiwa umesimama.

Ni mimi mwanao wa ng'ambo, nikupendaye sana,

Deolinda

Chini hapa ameandika mama mwenyewe, kwa kalamu aliyoninyang'anya:

Zulmira, mtoto huyu anaongeza chumvi. Jino lilikuwa linauma kweli. Mengine ni kweli yote. Usiniulize mlangoni. Niulize nikishakaa.